Padri wa Miaka Tisa

Sehemu ya saba

Najua wiki nzima mmenitukana. Mama mmoja wa soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, alinisimamisha juzi, fungu la majani ya sombe mkononi, akaniambia nisipomrudisha Osée nyumbani hatalinunua tena gazeti hili, atafungia samaki magazeti ya wengine. Mama yangu, pole. Hata mimi silali vizuri.

Tulimwacha Mzee Edouard Numbi mlangoni kwake, kule Annexe pembezoni mwa mji, kofia mkononi, matope hadi magotini. Mwanawe Osée, kijana wa miaka kumi na tisa, aliaga Jumapili adhuhuri kwamba anakwenda mazoezi ya kwaya. Jumatatu asubuhi kitanda chake kilikuwa baridi. Mzee akaenda kwa kiongozi wa kwaya kuuliza, na kiongozi akamjibu bila kumficha: Osée? Huyo aliacha kuimba tangu mwezi wa kumi.

Basi mzee alikuwa ndiyo kwanza amerudi na habari hiyo, mkewe Constance amekaa mkekani hana nguvu ya kuinuka, ndipo sauti ndogo ikatoka nyuma ya pazia. Ilikuwa sauti ya Keren, kitinda mimba wao, miaka tisa, ambaye humwita kaka yake Ya, kwa heshima.

"Mi najua fasi Ya Osée iko. Lakini sitasema."

Haya. Tuendelee.

Mama Constance, yule asiye na nguvu, alikuwa wa kwanza kufika pale pazia. Alimvuta mtoto kwa mkono akamsimamisha katikati ya nyumba.

"Iko wapi?"

"Siwezi kusema, Mama."

"Juu ya nini huwezi?"

"Juu aliungama kwangu."

Mke akamtazama mume, mume akamtazama mtoto. Hakuna aliyeelewa haraka, kwa hiyo ngoja niwasaidie na ninyi.

Ninyi mliolelewa Kikatoliki mnaujua mchezo huu. Nani kati yenu hakugawa biskuti akiwa mdogo, wenzake wamepanga mstari, wametoa ndimi? Keren alicheza upadri kuliko watoto wote wa mtaa. Alijifunga shingoni kitenge cha mama cha rangi ya zambarau, akakaa kwenye kigoda ndani ya chumba, na mwenye dhambi akapiga magoti nje, upande wa pili wa dirisha lenye wavu wa mbu. Aliungamisha watoto wa jirani, aliungamisha midoli, siku moja aliungamisha jogoo.

"Alipiga magoti pale inje," Keren akasema. "Jumapili, tukitoka ku misa. Nilifikiri anacheza. Kisha akalia. Akasema zambi zake, akasema fasi anaenda. Nikamuondolea. Sasa imefungwa."

"Nani alikuambia imefungwa?" baba akauliza.

"Ni weye, Papa."

Ilikuwa kweli. Mzee Edouard ni katekista wa parokia, mwaka wa ishirini na mbili huu. Baba yake aliletwa Lubumbashi na reli kutoka Kongolo, na yeye mwenyewe alistaafu relini. Lakini ukimuuliza kazi yake atakuambia kwanza katekesi. Kwaresima iliyopita, akiwaandaa watoto kwa komunyo ya kwanza, aliwasimulia habari za padri wa zamani aliyetakiwa na mfalme amwambie malkia aliungama nini. Padri akakataa. Akatupwa mtoni kutoka darajani, na siri akaondoka nayo.

Kisha akawauliza: padri anaweza kuitoa siri ya maungamo kwa njia gani? Mkono wa Keren ulikuwa juu kabla ya wengine. Wala kwa neno, wala kwa ishara, wala kwa maandishi, hata wakimchinja. Alizawadiwa rozari nyeupe, na siku hiyo mzee alirudi nyumbani akisalimia hata watu asiowajua.

Mama Constance hakungoja historia ya padri wa zamani. Alimzaba mtoto kofi.

Keren aliyumba, akajishika mezani, akasimama tena. Machozi yanamtiririka. Kisha akageuza uso, akampa mama yake shavu la pili. Msidhani ni ujeuri. Mtoto alikuwa anafanya alichofundishwa, tena bila kuambiwa mara mbili.

Mkono wa mama ulibaki juu. Haukushuka. Akakaa chini pale pale, kwenye sakafu ya saruji.

"Edouard," akasema taratibu, "ulinitengenezea nini mu hii nyumba?"

Simu ya Mama Constance ikalia. Alikuwa Syntiche, dada ya Fils. Fils ni rafiki wa Osée, walimaliza shule pamoja.

"Mama Constance, Osée iko kwenu?"

"Haiko. Tunamutafuta tangu asubui. Fils?"

"Fils naye hakulala hapa. Anaendaka kuchimba na Osée, alinikataza kusema." Sauti ya msichana ilikuwa inakatika. "Mama, bantu banasema kule ku bilima ya bacreuseurs bulongo ilianguka jana magaribi. Batrou kule inapita mia mbili. Hakuna mwenye anajua nani aliingia wapi. Banachimba tu huku na kule."

Creuseurs, kama kuna msomaji wa mbali asiyejua, ni vijana wanaochimba shaba na kobalti kwa mikono, kwenye mashimo wanayoyachimba wenyewe, ndizo batrou, bila zege wala taa, na bulongo ni udongo wenyewe. Mama Constance aliiweka simu chini kwa uangalifu, akaifunika kwa kiganja kama vile habari ingeweza kurudi ndani.

"Mia mbili," akasema. "Edouard, batrou mia mbili."

Sasa mnaelewa. Osée alikuwa ardhini. Katika mashimo mia mbili, moja ndilo lake, na anayelijua ni mtoto wa miaka tisa aliyesimama na shavu jekundu, midomo imefungwa.

"Keren." Baba aliinama mbele yake. "Ulisikia Syntiche?"

"Nilisikia."

"Ya Osée anaweza kufwa."

"Najua, Papa." Mtoto alikuwa ameishika rozari yake nyeupe. "Ule padri wa zamani naye alikufwa."

Mzee alitoa simu yake mfukoni, akampigia Abbé David, padri wao wa parokia. Alieleza kwa maneno machache, akaweka sauti juu, akaisogeza simu kwa mtoto.

"Keren, mwanangu, sikiliza," Abbé akasema. "Weye hauko padri. Ile ilikuwa muchezo, haikuwa sakramenti. Sema tu, hautapata kosa hata kidogo. Mi njo nakuambia."

Mama Constance alishusha pumzi. Mzee naye. Mtoto alifikiri.

"Abbé, kama haikuwa sakramenti, zambi za Ya Osée ziliondoka?"

Unaweza kusomea theolojia miaka saba na bado mtoto akakukamata.

"Mungu anaona moyo, mwanangu," Abbé akasema mwishowe. "Lakini kusema kweli, ile sala yako haikuweza..."

Simu ikakatika. Mawingu yakikusanyika upande ule wa Annexe, mtandao huwa wa kwanza kukimbia. Mzee alipiga tena mara tatu, na mara tatu yule mwanamke wa kwenye simu akamwambia ajaribu baadaye.

"Basi mi nilielewa," Keren akasema. Alisema polepole, akipanga vidole. "Kama ilikuwa muchezo, Ya Osée iko mu bulongo na zambi zake zote. Kama ilikuwa ya kweli, siwezi kusema. Mi nataka ikuwe ya kweli."

"Mutoto yangu..." baba akaanza.

"Nikifungua kinywa, zitamurudilia. Atakufwa nazo, na atawaka moto. Ni weye ulisema, Papa. Moto yenye haizimake."

Mzee Edouard alitoka nje.

Alisimama uani, karibu na kisima, na niwaambie kweli, mtu yule alikuwa amekwisha. Miaka ishirini na miwili amewajibu watoto maswali. Kwa nini Mungu aliumba nyoka, mtoto mchanga akifa anakwenda wapi, mbwa wana roho au hawana. Hajawahi kusema sijui. Leo aliyekosa jibu alikuwa yeye, na aliyemfunga alikuwa mwanafunzi wake bora, na kamba aliyomfungia aliisokota yeye mwenyewe. Upande wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mbingu ilikuwa nyeusi. Mvua ikifika vilimani, mashimo yatajaa.

Mkewe alimfuata.

"Usitafute jibu mu kitabu," akamwambia. "Ule mutoto haogope weye, na haogope miye. Nilimupiga kofi na hakuniogopa. Anaogopa ile Mungu weye ulimupatia."

"Basi nifanye nini?"

Katika ndoa yao yote hajawahi kumuuliza mkewe swali hilo. Mama Constance mwenyewe alishtuka kidogo kulisikia.

"Sijue. Lakini usirudi mule kama mwalimu."

Mzee alisali Baba Yetu moja. Kisha akavaa kofia, akaivua tena, akazunguka nyumba. Hakupita mlangoni. Alikwenda upande wa dirisha lenye wavu, akapiga magoti pale pale kwenye tope, mahali alipopiga mwanawe.

Sikufichi, msomaji: alipopiga magoti alikuwa na hila. Mtu akikata tamaa hushika chochote.

"Unibariki, Padri," akasema kupitia wavu, "maana nilikosa."

Ndani, Keren alikauka.

"Papa, usichezee."

"Sichezee."

Mtoto akaenda kukitoa kitenge cha zambarau kwenye kamba ya nguo, akajifunga shingoni, akasogeza kigoda, akakaa ubavu kwa dirisha kama inavyotakiwa. Mama Constance alikuwa kwenye kona ya nyumba, mkono mdomoni.

"Sema, mwanangu," Keren akamwambia baba yake.

"Nilikosa kwa mutoto yangu Osée." Hadi hapo hila ilikuwa inatembea vizuri. "Alipata diplôme yake, akatafuta kazi, akakosa. Alienda paka Kasumbalesa kulomba kazi ya kushusha mizigo, bakamurudisha. Siku moja ku meza akanyoosha mukono ku bukari. Mi nikamuonyesha na kijiko ile maneno niliandika ku ukuta. Asiyetumika asikule."

Bukari ni ugali wetu, na maneno ni ya Mtume Paulo: asiyefanya kazi, asile. Sauti ikaanza kumwasi mzee.

"Hakusema kitu. Alirudisha ile bukari mu sahani, akanawa mukono, akaondoka. Hakukuwa mvivu. Mi nilijua haiko mvivu. Nilitaka tu anione mugumu, kama vile baba yangu alikuwa mugumu. Tangu ile siku anakulaka kwetu kidogo kidogo, kama mugeni. Na mi nilikuwa naona. Nilikuwa naona kila siku, na nikanyamaza."

Hapo mzee alilia. Hakulia hivyo hata alipomzika mama yake. Alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili, paji la uso kwenye wavu, na hila yake ikamponyoka mahali hapo, hata mwenyewe hakuona ilikoangukia.

"Na zambi ingine, Padri. Nilikuya hapa kukudanganya. Nilisema moyoni, akinisikia nalia, atanionea huruma, atasema. Nilitaka kucheza na kintu ya Mungu. Miye katekista."

Keren hakugeuka. Aliuliza kama alivyofundishwa kuuliza.

"Unajuta?"

"Najuta paka mu mifupa."

"Utarudilia?"

"Sitarudilia. Akirudi, nitafuta ile maneno na mikono yangu. Asiporudi..." Hakumaliza.

Mtoto aliinua mkono mdogo, akachora msalaba hewani, akasema maneno ya kuondolea kwa Kifaransa, yote, bila kuruka. Kisha ikabaki sehemu ya malipizi, maana kila anayeungama hupewa sala au tendo la kufanya. Keren kwa kawaida alitoa Salamu Maria tatu kwa kila mtu, hata kwa jogoo.

Alifungua kinywa. Akakifunga. Akakifungua tena.

"Malipizi yako, Papa. Utaenda ku kilima yenye antenne, kule nyuma ya mashamba ya mahindi. Iko trou moja yenye bâche ya bleu. Utafika pale, utasali Salamu Maria tatu."

Akakikaza kitenge shingoni.

"Na ubebe kamba. Ya murefu."

Mzee aliinua kichwa. Upande wa pili wa wavu macho ya mtoto yalikuwa makubwa, yamejaa hofu.

"Sikusema kitu ya Ya Osée," Keren akasema haraka. "Nilikupatia malipizi tu. Padri anatoaka malipizi yenye anataka. Si ni vile, Papa? Zambi haikurudi ku kichwa yake?"

Edouard Numbi anaijua sheria hiyo kifungu kwa kifungu. Anajua askofu angesemaje, na Abbé David angesemaje mtandao ukirudi. Alimtazama mtoto wake, akamjibu.

"Ni vile, mutoto yangu. Haikurudi."

Alikuwa bado kwenye magoti na Mama Constance alikuwa ameshaifungua kamba ya kisima.

Walichukua pikipiki mbili. Mzee na kamba mbele, mama nyuma na Keren mapajani, kwa sababu Constance aliapa hamwachi mtoto yeyote nyuma tena siku hiyo. Njia ya mashamba ilikuwa uji mtupu. Mara mbili walishuka wakasukuma. Mawingu yalikuwa yanawafuata, na mzee aliyatazama kila dakika hadi dereva akamwambia, Papa, tazama mbele, utatuangusha.

Kilimani kulikuwa na watu mamia, karibu wote upande wa chini, kwenye mashimo yaliyokuwa yameporomoka mbele ya macho ya watu. Mama wawili walikuwa wamelala juu ya udongo, wanaita majina. Hakuna aliyewaangalia akina Numbi. Walipanda hadi kwenye mnara wa simu, wakazunguka, na hapo wakaiona: bâche ya bluu, turubai la kuzuia mvua, nusu imezikwa, nusu inapigwa na upepo. Hapakuwa na mtu hata mmoja anayechimba pale.

Mwenye shimo aliwaona kutoka mbali, akaja mbio. Aliitwa Lombe. Kule kila shimo lina mkubwa wake, naye huitwa PDG, kama mkurugenzi wa kampuni, hana kiti wala meza, ana buti tu na sauti.

"Munatafuta nini ku trou yangu? Mule hamuna muntu. Jumapili hatuchimbake, nilifukuza bote."

"Mutoto yangu iko mule," mzee akasema.

"Nani alikuambia?"

Mzee hakumjibu. Salamu Maria tatu hakuzisali pia, Mungu atamsamehe. Alilala kifudifudi kwenye ukingo, akapenyeza kichwa chini ya bâche, akaita.

"Osée."

Hakuna kitu. Mama Constance alilala kando yake kwenye tope na kitenge chake cha kutokea.

"Osée, baba. Ni Mama."

Wakasikia maji yanacheza mahali. Halafu, kutoka chini sana, ikaja sauti iliyochakaa.

"Mama? Papa iko pale?"

Lombe alivua kofia yake ya plastiki, akajishika kichwa. Alikuwa amezunguka tangu jana akichimbua mashimo ya wenzake, na lake lilikuwa na watu.

"Niko hapa," mzee akasema. "Niko hapa, mutoto yangu. Uko na Fils?"

"Fils iko na miye. Anapumua, lakini haseme tena. Mukono yangu moja inakamatwa na jiwe. Ingine ninashikia kichwa yake, isizame. Mayi iko ku kifua, Papa. Usiku ilikuwa ku tumbo."

"Tunakuya. Usiachilie."

"Papa, usinikasirikie. Mi nilikuwa natumika."

Mzee Edouard aliuma ukingo wa kofia yake ili asipige kelele. Mkewe alimwekea mkono mgongoni. Hakumsamehe, sidhani, siku hiyo haikuwa ya kusamehe. Alimwekea mkono tu.

Lombe alikuwa ameshashuka na tochi hadi mita chache, akarudi, uso wa udongo. Alizungumza na wanaume waliokuja kusaidia, kisha akamgeukia mzee. Naye hakuwa mtu mbaya, mnielewe.

"Papa, nitakusemea kweli. Katikati ya trou muti na mawe ilianguka, ikaacha kafasi kadogo sana, kama beseni ya kunawia mutoto. Miye nilijaribu, bega haipite. Kijana yangu mwembamba kuliko bote alijaribu, haipite."

"Tupanue."

"Tukigusa yale mawe, yote inabashukia. Iko mashine inaweza kuchimba pembeni. Banasema itafika kesho."

"Kesho," Mama Constance akasema, na sote tunajua alitazama wapi. Mbingu ilikuwa juu ya vichwa vyao.

"Tumutupie kamba," mzee akasema.

"Ataifunga na mukono gani? Moja imekamatwa, ingine iko na mwenzake. Inaomba muntu apite pale, amuondolee ile jiwe, afunge ule mwenye amezimia kwanza, kisha yeye." Lombe alitazama chini, akakwangua buti yake. "Muntu mudogo."

Hakumtaja mtu. Hakunyoosha kidole. Lakini wanaume wote waliokuwa pale walitazama nyuma ya mzee, naye, ambaye amekaa na watoto maisha yake yote, alielewa kabla hajageuka.

Alipogeuka, Keren alikuwa ameshavua sandali zake. Alikuwa amezipanga pamoja pembeni, kushoto na kulia. Kitenge cha zambarau alikuwa amekivua shingoni, anajifunga kiunoni.

"Papa, niruhusu."

"Hapana, hapana," akaanza Mama Constance, halafu akakumbuka aliye chini, na neno likamkwama. Alimshika mtoto gauni kwa nyuma, ngumi mbili. Hakumvuta, hakumwachia.

"Mi ni mudogo. Nitapita," Keren akasema. "Padri anaendaka kwenye muntu wake iko. Sitaogopa. Nikiogopa nitasali."

Wakati huo kutoka shimoni sauti ikaja juu, kali kuliko mwanzo.

"Ule ni Keren? Papa, nani alileta Keren hapa? Papa, mukataze. Bulongo inamwangika kila saa, inanipiga ku kichwa. Ataisha huku. Mukataze, Papa, nakulomba. Heri miye."

"Papa, niruhusu."

"Papa, mukataze."

Kisha wakanyamaza wote wawili, wa juu na wa chini. Nyumba ya Numbi ilisifika parokia nzima kwa jambo hilo. Hakuna mtoto wake aliyefanya kitu kabla baba hajasema neno, na baba akishasema, hakuna aliyebisha. Ndivyo alivyowalea. Hivi sasa wote wawili walikuwa wanalingoja neno hilo, na kila mmoja angelitii.

Mzee alimtazama Lombe, Lombe akatazama pembeni. Alimtazama mkewe. Mama Constance alikuwa na tope usoni hadi kwenye nyusi, na ngumi zake bado ziko kwenye gauni.

"Usiniangalie miye," akasema. "Miaka yote mu ile nyumba ni weye njo ulikuwa unasema. Sema."

Tone la kwanza likagonga bâche. Likafuata la pili, halafu mengi, na chini shimoni Fils akakohoa maji, na Mzee Edouard alikuwa bado hajasema.